Nzumari Chumbani kwa Mjomba

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Watu waliuawa, nyumba na vibanda vikachomwa, maelfu wakakimbia makwao, na habari zilipofika Ulaya watalii wakafuta safari. Hoteli za Diani zikabaki na bustani zilizofagiliwa na vitanda vilivyotandikwa bure. Wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani wangojee kuitwa. Ndivyo Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, alivyorudi kwetu Msambweni baada ya miaka mingi ya kazi ya baa, na ndivyo muziki ninaoupenda kuliko mwingine wowote ulivyoingia katika nyumba ya Bibi.

Alifika na matatu ya mwisho, mvua inamwagika. Zilikuwa zile mvua za El Niño zilizokata barabara, zikazamisha mashamba na kuozesha makuti juu ya mapaa. Nyumbani walitarajia ateremke na gunia la mchele, pengine na mabati mawili matatu. Aliteremsha redio kubwa ya kaseti yenye spika mbili, kaifunika nailoni vizuri kuliko alivyojifunika mwenyewe, pamoja na mfuko wa kanda alioachiwa na mgeni mmoja Mjerumani aliyezoea kuja Diani. Mkaza mjomba aliutazama mzigo, akamtazama mumewe, akaingia jikoni kusonga ugali. Kwa muda mrefu hakuiita redio kwa jina. Aliita "hiyo yako."

"Mama, hizi ni za jazi," Mjomba alimwambia Bibi huku akipanga kanda juu ya sanduku.

Habari ya jazi ilivuka ua kabla ya magharibi. Wazee wa mtaani walikuwa na jazi yao: Western Jazz, Tabora Jazz, na juu ya zote Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Mombasa Januari 1979 baada ya ajali ya gari. Basi jioni ile walikuja wenyewe, mabenchi yakatolewa, kahawa tungu ikachemshwa. Mjomba akatia mawe mapya, akabonyeza. Ikaja sauti ndefu ya kinanda, ikatanda, ikakaa palepale. Gitaa likadonoa noti chache kisha likanyamaza. Wageni wakangoja magitaa yaitikiane, wakamngoja mwimbaji. Mzee mmoja akauliza kwa adabu kama mwimbaji amechelewa kwa sababu ya barabara. Ilipoadhiniwa isha mabenchi yalikuwa matupu, na mkaza mjomba akakusanya vikombe bila kusema neno.

Kanda ile ilikuwa In a Silent Way ya Miles Davis. Ilirekodiwa New York tarehe 18 Februari 1969, kwa siku moja, na watu ambao kila mmoja baadaye aliongoza bendi iliyojaza kumbi duniani: Wayne Shorter, Herbie Hancock, Chick Corea, Joe Zawinul, John McLaughlin, Dave Holland, Tony Williams. Kila upande wa sahani una kipande kimoja tu kirefu. Wimbo unaobeba jina la sahani ulitungwa na Zawinul, mtu wa Vienna, akiwa ameupangia kodi nyingi za kupishana, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja. Davis alizifuta karibu zote. Akambakisha mpiga gitaa juu ya kodi moja na kumwambia apige kama mtu asiyejua gitaa. Kilichobaki ni wimbo mtupu na hewa inayouzunguka, na ndiyo maana nasema mtu hahitaji kusomea muziki ili kanda ile imshike. Anahitaji kutulia. Kwetu aliyetulia kwanza alikuwa Bibi, naye alianza kwa kutuzungusha mtaa mzima gizani.

Ilikuwa usiku wa manane. Mjomba, akiona haya kwa yaliyotokea barazani, alijifungia chumbani akaweka upande wa pili. Bibi akazinduka. Akaketi kitandani, akamwamsha Mama.

"Nani ana ngoma mvua hii?"

"Ngoma gani, Mama?"

"Nzumari hiyo. Husikii?"

Bibi alikuwa mchezaji wa sengenya katika ujana wake, na mwanamke wa Kidigo aliyecheza sengenya hawezi kulala nzumari ikilia. Alijitanda leso, akachukua tochi, akatoka. Mama akamfuata, nami nikamfuata Mama. Upepo ulikuwa ukiibeba sauti na kuitupa upande wa baharini, basi tukaelekea huko, tope likitufika vifundoni, tukabisha kwa jirani wa kwanza. Jirani akatoka na panga, kwa kuwa mwaka ule kubishiwa mlango usiku halikuwa jambo dogo. Alipotambua ni Bibi alishusha panga, akasikiliza, akakiri kwamba naye anaisikia, akaungana nasi. Nyumba ya pili wakatoka wawili. Kufikia mikorosho ya mwisho tulikuwa kundi, na hapakuwa na ngoma popote. Upepo ulipogeuka, sauti ikatoka nyuma yetu. Tuliifuata hadi chini ya dirisha la Mjomba.

Bibi aliingia na tope lake. "Mpigaji yuko wapi?"

Mjomba akanyoosha kidole kwenye redio.

Bibi aliketi ukingoni mwa kitanda. "Rudisha," akasema. Wote tukasikiliza, majirani wakiwa wamesimama mlangoni wakidondosha maji. Ile haikuwa nzumari. Ilikuwa saksafoni ya soprano ya Wayne Shorter, ambayo nayo ni chombo kilichonyooka chenye mdomo uliotanuka. Lakini sikio la Bibi halikuwa limekosea sana. Katika sengenya ngoma ziko chini, chapuo, msondo na vumi, upatu unagongwa katikati, na nzumari inakaa juu peke yake, mpigaji kavimbisha mashavu kwa pumzi isiyokatika, akirudia tuni fupi mpaka miguu ya wachezaji iishike. Shorter anafanya kazi hiyohiyo. Anaupokea wimbo kutoka kwa gitaa, anauimba taratibu bila kuupamba, na hakuna ngoma hata moja chini yake.

"Anaita," Bibi akasema. "Ngoma hazijaja."

Dakika chache baadaye mpiga ngoma, Tony Williams, akaingia na besi ikashika mwendo. Bibi akampiga Mjomba begani. "Si nilikwambia?"

Kuanzia usiku ule Mjomba hakujificha tena. Mama akachagua kanda ya kundi la Weather Report, Heavy Weather ya 1977, na ndani yake kipande kimoja cha polepole, A Remark You Made, ambacho Zawinul alimtungia Shorter na mpiga besi Jaco Pastorius wajibizane. Besi ya Jaco haikuwa na vile vijiti vya chuma vinavyogawa noti shingoni, kwa hiyo inateleza kutoka noti hadi noti. Mama alikulia katika udi wa Zein l'Abdin, na udi pia hauna vijiti hivyo. Hakuhitaji kuelezwa. Mkaza mjomba alikuwa wa mwisho, akanaswa na Offramp ya kundi la Pat Metheny, ya mwaka 1982. Kipande chake kirefu, Are You Going with Me?, kina mwendo mmoja usiobadilika chini, na juu yake gitaa la sintesaiza linapanda, linapanda tena. Aligundua kwamba mwendo ule unakaa sawasawa na kukuna nazi. Akawa anaburuta mbuzi yake hadi karibu na mlango wa Mjomba, na gitaa lilipopanda mikono nayo iliongeza kasi. Siku hizo ndipo "hiyo yako" ilipogeuka "redio yetu."

Tatizo lilianza na binamu yangu, mtoto wa Mjomba, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi na mwenye bisibisi mpya. Aligundua kwamba kanda ya Davis inajirudia. Inafika karibu na mwisho, halafu ile nzumari ya mwanzo inaanza tena, noti kwa noti, pumzi kwa pumzi. Aliigeuza upande wa kwanza, mambo yakawa yaleyale. Hakuna binadamu anayeweza kupiga kitu mara mbili bila tofauti, alisema, basi redio ndiyo inayorudi nyuma yenyewe. Hoja yake ilikuwa nzuri. Siku Mjomba alipokwenda Ukunda kuulizia kazi, binamu alitandika mkeka barazani, akaifungua.

Ndani mlikuwa na kutu ya chumvi ya bahari na kiota cha sisimizi. Binamu alisafisha kwa mafuta ya taa, kwa uangalifu kabisa, akipanga skrubu kwa safu. Kuku wa Mama aliyekuwa akitaga alipita, akadonoa, akameza moja. Katika kumfukuza kuku, goti la binamu likauvuta mkanda wa mpira unaozungusha kaseti, mkanda ukakatika. Mjomba aliporudi, bila kazi, alikuta redio iko vipande, mkewe analia, mwanawe kamshika kuku kwa miguu, na Mama anasimama mlangoni akisema kwamba kuku wake hachinjwi kwa ajili ya skrubu.

Vipuri vilikuwa Mombasa, na kati yetu na Mombasa palikuwa na barabara iliyokatika, feri na nauli ambayo haikuwepo. Binamu alikata ukanda mwembamba kutoka tyubu ya baiskeli, akaufunga. Redio ikazunguka, ila mpira ulikuwa mlegevu, ukiteleza. Muziki ukatoka polepole na kwa sauti nzito, saksafoni imeshuka mpaka ikakaribia mlio wa siwa. Ramadhani ilikuwa imeingia, na mwezi mzima tulifuturu na muziki huo mzito, mvua ikigonga masufuria tuliyotega chini ya makuti yaliyovuja. Watoto tulijifunza kuuvumisha kwa mwendo huo. Mahadhi yalivuta marefu kuliko yalivyorekodiwa na bado yalisimama. Nimesikiliza kazi nyingi za namna hii tangu wakati huo, na kipimo changu hakijabadilika: wimbo ulio imara unavumilia hata mkanda wa tyubu. Ile saksafoni laini inayowekwa kwenye lifti na sebule za hoteli, isiyoita mtu wala kungoja jibu, haivumilii. Wengi huusikia muziki huo wakadhani wameusikia huu, na inaniuma, kwa kuwa wanafunga mlango kabla hawajabisha.

Siku ya Idd kuku alichinjwa, Mama mwenyewe akitoa idhini kwa sababu alikuwa ameacha kutaga. Skrubu ilikutwa kwenye firigisi, imesuguliwa ikang'aa kuliko zote. Katika wageni wa Idd alikuwemo mwenzake Mjomba, mpiga saksafoni wa bendi ya hotelini, ambaye kwa miaka alikuwa akiwapigia wageni Malaika na Jambo Bwana wakati wa chakula, kisha baada ya wageni kulala akapiga anachokitaka. Alisikiliza redio yetu, akakunja uso. Akatoa mkanda wa redio yake iliyokufa, ukaingia sawasawa. Ndipo tulipousikia tena mwendo wa kweli.

"Mnawakimbiza," Bibi akalalamika. "Mbona wana haraka hivyo?"

Binamu alitaka kujua jambo moja tu: kuhusu kujirudia. Mgeni akacheka. Redio haikuwa na kosa, akasema. Siku ile ya kurekodi muziki uliofaa haukuwa mwingi, basi mtayarishaji, Teo Macero, aliukata utepe na kuuunga, mwanzo akaubandika tena mwishoni, katika pande zote mbili. Ni pumzi ileile kweli, imewekwa mara mbili. Binamu alisimama, akatembea hadi kisimani, akarudi. Alikuwa amesikia sawa peke yake mahali ambapo sisi sote hatukusikia. Leo anahariri sauti kwa kazi yake, na naamini siku ile yeye ndiye aliyekuwa na sikio kali kuliko wote nyumbani.

Mgeni huyo ndiye aliyetueleza pia kwamba Zawinul hakuishia Vienna wala New York. Mwaka 1991 alitayarisha Amen ya Salif Keita wa Mali, na Shorter akapiga humo. Bibi hakushangaa. "Nzumari hurudi kwao," akasema, akaomba birika.

Watalii walirejea kidogo kidogo, Mjomba akaitwa kazini, na swali likawa redio inabaki na nani. Kwa mila ya zamani ya Kidigo mali ya mjomba humwendea mtoto wa dada yake, nami nilikuwa nimesimama karibu sana na sanduku la kanda. Kwa sheria ya dini haki ni ya mwanawe, na binamu alikuwa ameshika bisibisi. Mkaza mjomba akauliza kama yeye aliyekuna nazi mwezi mzima hana fungu. Sauti zikapanda mpaka jirani mwenye panga akaja kuchungulia.

Bibi alisema Mjomba yu hai, hakuna kinachorithiwa. Redio itakaa chumbani kwake yeye, juu ya meza, mbali na kuku. Anayetaka kusikiliza aje na mawe yake.

Jioni ileile binamu alikuja na mawe manne, mimi nikaja na mengine manne, maana redio ilikula manane.