Shukrani za Madereva wa Kibaha na Kisarawe

Kwa Waheshimiwa wote wenye dhamana ya gesi asilia,
Dar es Salaam na Dodoma.

YAH: SHUKRANI ZA DHATI



Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikafika Dar es Salaam mwaka 2004. Mwaka 2015 likaja bomba la inchi 36 kutoka Mtwara, mamia ya kilomita, likavuka mto Rufiji hadi Kinyerezi, Dar es Salaam. Hapo na Kisarawe ni pua na mdomo. Baada ya safari ndefu namna hiyo, ni haki yake kuchoka kabla ya kutufikia.

Mlituhimiza tuache petroli, tukatii. Tumefunga mitungi, buti zimejaa, abiria wanapakata mabegi. Mafundi walitueleza kwamba gesi hii haigeuki kimiminika kwa presha tu kama ile ya jikoni. Hushindiliwa kwa presha ya baa 200 hivi, na hata hapo lita moja ya mtungi hubeba chini ya theluthi ya nguvu ya lita ya petroli. Maana yake, gari la gesi halitaki kukaa mbali na kituo. Nasi ndio tukaachwa mbali.

Bahati nzuri injini zetu zina swichi. Gesi ikiisha njiani, tunabonyeza, tunaenda Dar kutafuta gesi kwa petroli. Tukifika tunapanga foleni; zamu ikikaribia tunaambiwa presha imeshuka. Tunarudi Kibaha kwa petroli, tukiwa wazalendo zaidi.

Tunapendekeza:

1. Kila mtungi ubandikwe tangazo: "Ng'ambo ya Kibamba, hili ni pambo."
2. Saa za foleni zihesabiwe kwenye pensheni.
3. Hayo yakiwa ghali, tuleteeni gesi kwa lori. Kituo mama hujaza mitungi, lori likaipeleka kituo kidogo pasipo na bomba; ndivyo mlivyopanga kukihudumia kiwanda cha dawa cha Zegereni, hapa hapa Kibaha.

Lori hilo likipita Maili Moja, dereva wake asishangae kupishana na msururu wa bajaji na teksi. Ni sisi, tunaifuata Dar gesi iliyobebwa kuja kwetu.

Wenu katika foleni,
Madereva wa Kibaha na Kisarawe