Mashimo Mapana, Bia Chache

Umepokea mkopo wa kikundi, umeezeka banda mbele ya baa, na sasa unataka meza ya pool. Hongera. Watakuja wajuaji wakuambie uanze kwa kukagua jiwe lililolala chini ya kitambaa cha kijani. Wape soda waende zao. Jiwe halionekani, na kisichoonekana hakigombanishi watu. Kwenye meza ya pool watu hugombana juu ya vitu viwili, shimo na raba ya ukingoni, kwa hiyo chagua hivyo kwa makini. Ndivyo vitakavyotukanwa kila usiku badala ya wewe.

Tuanze na shimo. Kanuni za kimataifa za meza ya Kimarekani zinataka mdomo wa shimo la kona uwe na sentimita 11.4 hadi 11.7, na wa shimo la katikati 12.7 hadi 13. Mpira wenyewe una kipenyo cha milimita 57.15. Ukigawanya utaona kwamba kona inapitisha mipira miwili bega kwa bega. Hesabu hii usiibandike ukutani. Mtu aliyekosa mpira uliokuwa umekaa mdomoni kabisa mwa shimo hapendi kuambiwa kwamba palikuwa na nafasi hata ya jirani yake.

Lakini kabla ya kupima kwa futi, jiulize: ufunguo wa kile kisanduku cha sarafu anao nani? Mara nyingi meza si ya mwenye baa. Kuna bwana anayeileta, anaondoka na ufunguo, kisha anarudi siku ya hesabu mgawane. Huyo anataka mashimo mapana kama mlango wa daladala, maana kila mchezo ukiisha sarafu nyingine inaingia. Mwenye baa anataka mashimo finyu, ili mchezo uvutane na wanaosubiri zamu waagize nyingine, na nyingine tena. Wenye meza na wenye baa wamenuniana miaka kwa sababu hii, na bado wanadhani wananuniana kwa sababu ya mahesabu.

Kama vyote ni vyako, baa na meza, utalazimika kugombana mwenyewe. Mimi ningeegemea kwenye finyu kidogo, ila usizidishe. Shimo likibana mno, wanaojifunza watauzunguka ule mpira mweusi wa mwisho hadi waliopanga sarafu zao ukingoni wazizoe waende kulala. Fundi anaweza kuongeza vipande vyembamba kwenye mashavu ya shimo ili kulibana. Hakikisha tu ni vipande vya kazi hiyo. Niliwahi kucheza kwenye meza ambayo fundi alitumia ndala, tena za rangi mbili. Mpira ulifika pale ukakaa, kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko jikoni.

Sasa raba. Huko London, John Thurston alianza kuweka raba ukingoni mwa meza za biliadi mwaka 1835, na kila baridi ilipoingia ikawa ngumu kama mfupa, mpaka watu wakawa wanaipasha moto kabla ya kucheza. Nafuu ilipatikana miaka kumi baadaye, kwa raba iliyopikwa na salfa. Wewe baridi huna, una jua la saa nane linaloingia bandani kwa ubavu, na jua hilo litaikausha raba yako taratibu huku ukilaumu kitambaa.

Cha kupima ni urefu wa pua ya raba kutoka kitambaani. Iwe karibu asilimia 63.5 ya kimo cha mpira, yaani milimita 36 na ushee kwa mipira ya Kimarekani. Pua ikishuka, mpira uliopigwa kwa nguvu unaruka na kutua kwenye chipsi mayai za mtu. Ikipanda, inaukandamiza mpira kitambaani na kuuua mwendo. Ndiyo maana usikubali muuzaji akikuambia mipira ni mipira tu. Ile midogo ya Kiingereza, ya milimita 51, ukiiweka kwenye meza ya Kimarekani itakutana na pua juu sana, kwenye paji la uso.

Na katika meza nyingi za sarafu za Kiingereza mpira mweupe ni mdogo kidogo kuliko wenzake, ndivyo mashine inavyoujua na kuurudisha. Ukipotea ukaweka wa kimo sawa na mingine, ukitumbukia umekwenda mpaka sarafu nyingine iingie. Sikufundishi wizi, naeleza mashine.

Dukani, piga mpira kwa nguvu kutoka upande mmoja: raba nzima huupeleka urefu wa meza mara nne hadi nne na nusu. Piga mwenyewe, muuzaji ana mkono wa kuuzia.

Lakini hakuna kipimo cha shimo kitakachokusaidia ukifungua saa mbili asubuhi na mkuu wa wilaya akapita kuwasaka wanaocheza pool saa za kazi.

Baada ya mwaka mmoja hivi ukingo mmoja utakufa, kwa kawaida ule wa upande wa jua. Usiutengeneze. Wateja wako wa kila siku watakuwa wameshaujua. Wanajua ukipiga pale mpira unarudi nusu, na wanapiga kwa hesabu hiyo. Mgeni hajui, kwa hiyo mgeni ndiye atakayenunua bia. Siku moja bingwa wako atakwenda kucheza baa ya ng'ambo ya barabara, kwenye meza mpya yenye raba hai, atafungwa michezo mitatu mfululizo, na atarudi kwako kabla ya saa nne akilalamika kwamba ile meza ya wale watu ni mbovu.