Sifa za Kiarabu Kibovu

Ufasaha wa Kiarabu umeandikiwa maktaba nzima, lakini Kiarabu kibovu, yaani kile cha mgeni aliyefika juzi, asiyejua kunyambua kitenzi wala kutenganisha kiwakilishi cha mwanamume na cha mwanamke, bado hakijapata msifaji, ingawa ndicho kinachofagia nyumba, kinachopika kabsa, kinacholea watoto na kinacholipa karo katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki. Kasoro hiyo inastahili kurekebishwa, na pa kuanzia si lazima pawe Riyadh wala Kairo. Panatosha kuwa Sori, mji mdogo wa wavuvi wa ziwani kwenye Ghuba ya Karungu, eneo la Nyatike katika Kaunti ya Migori, ambako omena, yaani dagaa, huanikwa juani juu ya nyavu kuukuu, na ambako, kwa kuwa ziwa halitoi tena kama lilivyotoa na dhahabu ya mgodi wa Macalder haimtajirishi kila aichimbaye, safari ya Saudia imekuwa jambo la kuzungumzwa sokoni kama bei ya mahindi. Kiarabu kibovu kina hadhi ileile ya omena: hakuna anayemwandalia mkwe, lakini asipokuwapo, mwambao mzima wa ziwa hulala njaa.

Wanaokidharau hawajui nasaba yake. Waarabu wa kale walikuwa na istilahi mahususi, lahn, iliyotumika kwa kosa la kisarufi katika usemi, hasa kosa la irabu ya mwisho wa neno, ambayo katika Kiarabu fasaha huonyesha nani ametenda na nani ametendwa. Dola ya Kiislamu ilipopanuka katika karne ya 7, watu wa mataifa mengi waliingia katika miji mipya ya Basra na Kufa wakaanza kusema Kiarabu kwa namna yao, na mapokeo yanasimulia kwamba Abu al-Aswad al-Du'ali, aliyefariki karibu mwaka 688, alisukumwa kuweka misingi ya sarufi baada ya ubovu huo kumfikia hadi nyumbani kwake. Binti yake alitaka kustaajabia uzuri wa mbingu, lakini kwa kukosea irabu akawa ameuliza ni kitu gani kilicho kizuri zaidi mbinguni, na baba akajibu kwa utulivu kwamba ni nyota zake. Karne moja baadaye alitokea Sibawayhi, Mwajemi ambaye, kwa mujibu wa mapokeo mengine, aliingia katika sarufi kwa hasira baada ya mwalimu wake kumsahihisha alipokuwa akisoma hadithi ya Mtume. Matunda ya hasira hiyo ni al-Kitab, kitabu ambacho sarufi yote ya Kiarabu iliyofuata imekiegemea. Visa hivi huenda vimetiwa chumvi na wanafunzi wa vizazi vya baadaye, lakini vyote vinakiri jambo moja, kwamba kama wageni wangeharakisha kusema vizuri, Waarabu wasingepata haja ya kuandika kanuni za lugha yao, na wanafunzi wa leo wangeepukana na usiku mwingi wa kukesha.

Iwapo kuna anayedhani kwamba lugha mbovu haiwezi kudumu, Kenya na Uganda zina ushahidi wa kumnyamazisha. Askari wa Kisudani waliokuwa chini ya Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, walikatiwa njia na vuguvugu la Mahdi katika miaka ya 1880, na mwaka 1891 Frederick Lugard akawachukua wengi wao karibu na Ziwa Albert ili watumikie Waingereza. Walitoka katika makabila mengi na lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiarabu cha kambini, kilichokatwa mikia yote ya kisarufi. Kilikuwa pijini, yaani lugha ya dharura ambayo si lugha ya mama ya mtu yeyote. Watoto wao walipozaliwa ndani ya lugha hiyo, ikageuka krioli, yaani pijini iliyopata wenyewe, na leo inaitwa Kinubi, inasemwa Bombo nchini Uganda, Kibera jijini Nairobi, na hata Kibos karibu na Kisumu, ambako msafiri wa kutoka Sori anaweza kufika na kurudi kwa siku moja. Mnubi husema "ana gi ruwa" kwa maana ya "ninaenda", na mwanazuoni wa Kairo anaweza kushika kichwa kwa maumivu anavyotaka. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwapa Wanubi hati ya kumiliki ekari 288 za Kibera. Ni Kiarabu fasaha kipi kilichowahi kupata shamba Nairobi?

Kiarabu kibovu kinachomhusu mtu wa Sori ni ndugu wa Kinubi aliyezaliwa baadaye, ambacho wanaisimu hukiita pijini ya Kiarabu cha Ghuba na ambacho J. R. Smart alikiandikia ripoti ya awali mwaka 1990. Kilitengenezwa na Wahindi, Wapakistani, Wabengali, Wafilipino na Waafrika kwa kushirikiana na Waarabu wenyewe, kwa maana mwajiri naye hukisema anapomtuma mfanyakazi, kisha humlaumu mfanyakazi kwa kukijua. Uchumi wake wa kisarufi unapendeza. Neno "fi" peke yake hubeba kuwa, kuwa na, na kuwapo; "mafi" hukanusha hayo yote kwa mkupuo; kitenzi hubaki na umbo moja, awe anayetenda ni mimi, wewe au kijiji kizima; na "inta", ambalo kwa Mwarabu ni "wewe" wa mwanamume tu, humtosha kila binadamu. Fasaha huuona usawa huo kuwa fedheha, lakini mtu wa Sori, msemaji wa Kijaluo na Kiswahili, lugha mbili ambazo hazijawahi kuona haja ya kumvika kiwakilishi suruali au sketi, huuona kuwa akili ya kawaida.

Vifaa vya kujifunzia navyo ni vya unyenyekevu. Kabla ya safari kuna mafunzo ya wiki chache ya kazi za nyumbani, ambamo Kiarabu hupewa nafasi finyu kati ya somo la kupiga pasi na somo la mashine ya kufulia, kwa hiyo elimu halisi hutegemea daftari la kurasa 48 ambamo maneno huandikwa kwa herufi za Kilatini na kwa masikio ya ziwani: "matbak" ni jikoni, "mukinisa" ni ufagio, "gasala" ni mashine ya kufulia, "thalaja" ni friji. Neno hilo la mwisho linahitaji kusimamiwa kidogo. Sauti yake ya kwanza, ile ambayo kwa hati ya Kiarabu huandikwa ث, humsumbua mwanafunzi wa Ulaya bara kwa mwezi mzima, na Mmisri wa kawaida, hata akiwa na shahada, hulitaja neno hilo kwa "t" bila aibu. Msichana wa Sori hulitamka sawasawa siku ya kwanza, kwa sababu th na dh za Kijaluo alizinyonya kwa mamaye. Malipo yanakuja kwingineko, kwani Kijaluo hakina z wala sh, na yule ambaye Kiswahili cha shuleni hakikumnyoosha ulimi hujikuta akileta "sai" palipoombwa "shai", yaani chai. Asisikitike. Wasil bin Ata wa Basra, aliyefariki mwaka 748 na anayehesabiwa mwanzilishi wa madhehebu ya Mu'tazila, alishindwa kabisa kutamka r, na mwandishi al-Jahiz amehifadhi habari za jinsi alivyokuwa akihutubu kwa ufasaha huku akikwepa kila neno lenye herufi hiyo. Fasaha mkubwa wa zama zake aliishi maisha yake yote akizunguka shimo moja.

Kuhusu wanaokwenda kujifunza Kiarabu kwa njia ya heshima, kama vijana Waislamu wa Kendu Bay na kwingineko wanaopata nafasi katika vyuo vya Madina au Kairo, inatosha kusema kwamba wao huteseka zaidi. Kiarabu kinaishi katika diglosia, hali ambayo Charles Ferguson aliieleza mwaka 1959 kuwa ni jamii moja kutumia namna mbili za lugha yake, ya juu kwa vitabu na hotuba, ya chini kwa nyumbani na sokoni. Mwanafunzi aliyehitimu namna ya juu huenda kununua nyanya kwa irabu zote za mwisho, na muuza nyanya humtazama kana kwamba khatibu ameshuka mimbarini kuuliza bei. Mwenye Kiarabu kibovu, wakati huo, ameshapimiwa nyanya zake na kuondoka.

Mbali na sarufi, lugha hii ina ukarimu wa ajabu, kwani humpendeza karibu kila mtu isipokuwa anayeisema. Ajenti wa ajira huipenda kwa sababu haimcheleweshi abiria wake. Wiki chache zikipita, tiketi inakatwa. Mwajiri huipenda kwa sababu asiyeweza kuuliza swali refu hulazimika kuridhika na jibu fupi, na chini ya kafala, mfumo unaofungamanisha ukaazi halali wa mfanyakazi na mwajiri mmoja aitwaye kafili, jibu fupi lina nguvu kubwa. Mageuzi ya Saudia ya Machi 2021, yaliyolegeza masharti ya kuhama mwajiri, hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Serikali zote mbili, ya Kenya na ya Saudia, nazo hazina sababu ya kuilalamikia, kwa kuwa malalamiko yasiyoweza kusemeka hayajazi faili.

Hata hivyo Kiarabu kibovu kina ujanja wake, na hapa ndipo sifa zake zinapokuwa za kweli. Sikio hutangulia ulimi, kwa hiyo mwanamke anayesema vibaya huelewa vizuri miezi mingi kabla ya mtu kumshuku, na mbele yake familia hujadili deni, posa na ugomvi wa urithi kama vile iko na kabati. Akiulizwa ni nani aliyevunja birika, ana ngome ya maneno mawili, "mafi maalum", yaani "sijui", ambayo hakuna hakimu aliyewahi kuibomoa. Ubovu huo humsamehe pia katika adabu ambazo hakuna daftari linalozifundisha. Kahawa ya Kiarabu, nyepesi na yenye hiliki, humiminwa kidogokidogo katika kikombe kisicho na mkono, na mgeni asiyekitikisa kikombe kidogo anapokirudisha humiminiwa tena na tena. Mjaluo aliyefunzwa kwamba chakula cha mwenyeji hakikataliwi anaweza kunywa mpaka moyo umwende mbio, na kwa kuwa kila mtu anajua hajui lugha, hucheka pamoja naye na kumwonyesha. Angesema kwa ufasaha, angehesabiwa mlafi.

Pamoja na hayo yote, mkono wa Kiarabu kibovu haujui kalamu. Mikataba na mashauri ya Saudia hutawaliwa na Kiarabu cha juu, na mtu wa "fulus mafi", yaani "hela hakuna", anaweza kutangaza kwamba hajalipwa lakini hawezi kueleza ni miezi mingapi, kwa kifungu kipi, wala ni nani aliyeshika pasipoti yake. Kwa sababu hiyo, anayeondoka Sori asipande basi la Nairobi kabla mkataba wake haujasomwa wote kwa Kiswahili au Kijaluo mbele ya mtu wa nyumbani anayemwamini, na nakala yake, pamoja na nambari ya ubalozi wa Kenya mjini Riyadh, ibaki na mtu huyo.