Sifa za Kitambulisho Pacha

Mnazi umesifiwa. Kahawa imesifiwa, jahazi limesifiwa, hata kitumbua kimepata wa kukisifia. Mimi, baada ya miaka kumi na moja ya kutengeneza mifumo ya kompyuta kwenye ofisi za watu, naona ni dhuluma kunyamaza bila kumsifu kiumbe aliyeninyima usingizi kuliko mbu wote wa Dar es Salaam. Namsifu kitambulisho pacha.

Kwa wasiomjua, nimtambulishe kwa adabu. Kila kinachoonekana kwenye ukurasa wa tovuti, kiwe kitufe, kisanduku au seli ya jedwali, kinaweza kupewa jina lake, ambalo sisi mafundi huliita id, ili programu ikikihitaji ijue pa kukipata. Kanuni za HTML, lugha ya kuandikia kurasa hizo, zinasema bila kumung'unya maneno kwamba jina hilo liwe la kitu kimoja tu katika ukurasa mzima. Pacha huzaliwa pale fundi, kwa haraka au kwa uvivu, anapovipa vitu viwili jina moja. Au vitu kumi. Au, kama nilivyofanya mimi, vitu elfu moja mia tatu na ushee.

Tuanze na upole wake. Ukisahau mabano mahali fulani katika JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, kivinjari kinakuja juu: maandishi mekundu, namba ya mstari, kazi imesimama. Pacha hana makuu hayo. Kivinjari kinampokea, kinamkalisha, kinaendelea na shughuli zake. Sheria ipo na askari hayupo. Madereva wa daladala watanielewa.

Ana ukarimu pia. Kitu ukikipa id ya "jumla", kivinjari kinakufungulia bila kuombwa jina "jumla" linaloitika popote kwenye programu yako. Siku utakayosahau kutangaza jumla yako mwenyewe, utapewa hiyo ya bure, na hutaambiwa kwamba ulichopewa ni kipande cha jedwali, si hesabu.

Tena hutembea na jamaa zake, nao si haba. JavaScript ilitungwa na Brendan Eich pale kampuni ya Netscape kwa siku 10 za mwezi Mei 1995, muda ambao kwetu hautoshi hata kupatana mahari, na matunda ya haraka hiyo tunayala mpaka leo. Ukisoma kiasi cha fedha kutoka kwenye seli ya jedwali unapata maandishi, si namba. Ukijumlisha 5000 na 3000 za namna hiyo, unapata 50003000. Mteja wangu mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa bilionea kuanzia asubuhi hadi saa saba mchana kwa njia hiyo. Na ukiiambia amri ya parseInt ikusomee "1,250,000", inafika kwenye mkato wa kwanza, inachoka, inarudi na 1. Milioni na robo imekuwa shilingi. Tangu siku ya yule bilionea niliapa: lolote litokalo kwenye jedwali, nalibadilisha kuwa namba kwanza, maswali baadaye. Kiapo hicho kikumbukeni.

Lakini hayo yote ni kachumbari. Sifa kuu ya kitambulisho pacha, inayomweka juu ya wadudu wote wa fani yetu, ni heshima kwa wakubwa.

Kuna amri iitwayo getElementById. Kazi yake ni kwenda ndani ya ukurasa na kumleta mwenye jina ulilolitaja. Je, wenye jina wakiwa wengi? Kanuni za mwaka 2000 ziliinua mikono na kusema kitakachotokea hakijaainishwa. Za siku hizi zimeamua: aletwe wa kwanza kutoka juu. Uamuzi gani huo wa kiungwana! Ita wajukuu elfu, atakayeitika ni babu. Bisha hodi chumba cha uani, atakayefungua ni mwenye nyumba. Hakuna kusukumana wala kijana kujibu kabla ya mzee. Wazazi wanaolalamika kwamba watoto wa leo hawana adabu wangewapeleka wakakae ndani ya kivinjari likizo moja tu.

Adabu hiyo niliishuhudia kwa karibu. Chama kimoja cha kuweka na kukopa kilinipa kazi ya kuhamisha daftari lao kwenda kwenye kompyuta. Nikatengeneza jedwali la wanachama kwa mpangilio wa alfabeti. Kila mstari ulikuwa na jina, namba ya mwanachama, akiba, deni, na mwishoni kitufe chekundu kilichoandikwa "Toza faini", kwa ajili ya wanaochelewesha marejesho. Faini shilingi 5,000. Niliandika mstari mmoja kwa mkono, ukapendeza, nikaweka amri ya kurudia iuzalishe kwa kila mwanachama. Ukazalishwa na kila kilichomo, pamoja na id ya seli ya namba, niliyoiita "namba". Kitufe kikibofywa, programu iliuliza: "Namba ni ipi?" Na kila mara akaitika mmoja, aliye juu kabisa.

Niseme ukweli, usiku wa kuamkia uzinduzi nilimwambia meneja kwamba kitufe hakijapimwa vizuri. Akanijibu, "Kijana, hayo ya kitaalamu utayarekebisha baadaye. Kesho mgeni rasmi anakuja."

Mgeni rasmi akaja. Akakalishwa mbele ya kompyuta iliyofungwa utepe, akapewa kipanya, akabofya kitufe cha mstari wa kwanza. Ujumbe ukatokea: "Imefanikiwa." Vigelegele. Na ilikuwa imefanikiwa kweli, kwa kuwa kwenye mstari wa kwanza pacha hakosei kamwe. Tangu siku ile nimekuwa nikiwachunguza wageni rasmi, na sijamwona hata mmoja aliyebofya mstari wa pili. Bomba analofungua yeye hutoa maji. Darasa anamoingizwa lina madawati. Kitanda anachokibonyeza kwa kiganja kina godoro jipya. Nchi nzima inakaguliwa kwenye mstari wa kwanza, kisha watu wanakwenda kula pilau.

Walipomaliza pilau, kazi ikaanza. Karani akabofya faini ya mtu wa mstari wa 37. Imefanikiwa. Ya mtu wa mstari wa 512. Imefanikiwa. Zote zikaenda kwa yule wa juu, mzee mmoja ambaye jina lake linaanza kwa herufi A na kufuatiwa na herufi za mapema za alfabeti, na hilo ndilo kosa pekee aliloweza kuthibitishiwa.

Hapa naomba wasomaji wasimame kidogo kwa heshima. Nitajieni taasisi nyingine ambamo aliye juu analipa madhambi ya walio chini! Tumezoea kinyume chake. Mkubwa akikosea, anahamishwa. Mlinzi wa getini anafukuzwa. Pacha wangu, bila katiba wala semina elekezi, alikuwa amejenga utawala ambamo kiongozi wa orodha anabeba mzigo wa wanachama wote peke yake, kimya kimya, kila siku ya kazi. Dosari ilikuwa moja tu: mzee huyo alikuwa wa kwanza kwa alfabeti. Kwa mengine yote alikuwa wa mwisho.

Alikuja ofisini baada ya miezi mitatu, kuomba mkopo wa ada ya mjukuu. Nilikuwepo siku hiyo, nimekuja kudai malipo yangu ya mwisho, nimeketi kwenye benchi. Dirishani akaambiwa hakopesheki, ana faini 41 ambazo hajalipa, jumla shilingi 205,000. Akafungua mfuko wa nailoni, akatoa stakabadhi zake zimebanwa kwa kibanio cha nguo, akazipanga dirishani moja moja, mwezi kwa mwezi. Hakuna mwezi uliokosekana. Karani alizitazama. Alizisoma, nina hakika, maana midomo ilikuwa ikitembea. Kisha akasema, "Mzee wangu, mimi nakuelewa, lakini mfumo ndivyo unavyosema."

Basi, utani nauweka pembeni hapa. Faini 41 ndani ya miezi mitatu kwa marejesho ya mara moja kwa mwezi! Mtoto wa darasa la tatu angecheka. Karani alikuwa na karatasi mkononi zinazosema hivi, na kioo kinachosema vile, akachagua kioo, kwa kuwa kioo hakimwandikii mtu barua ya onyo. Meneja akaitwa, akasema wataunda kamati. Na wale wengine je, waliochelewesha kweli, wakaingia kila mwezi wakijiandaa kubembeleza na kukuta hawadaiwi? Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Walitoka wakimshukuru Mungu. Pacha haishi kwa uzembe wa fundi peke yake. Analishwa pia na kila mtu ambaye kosa limemwangukia vizuri akanyamaza.

Na fundi? Mwezi mmoja kabla ya siku ile karani alinipigia simu kwamba faini "zinakwenda kusikoeleweka". Nilimjibu jibu la ukoo wetu wote: "Umejaribu kurifreshi?" Nikakata simu, nikarudi kwenye chai yangu. Kwa hiyo nilipokuwa kwenye lile benchi nikimsikia akisema "mfumo", nilijua anamtaja nani. Mfumo ulikuwa mimi, nimevaa shati la mikono mirefu, nimekuja kudai hela.

Nilimsogelea mzee, nikatoa shikamoo, nikamwambia kosa ni langu. Akasema marahaba, akaendelea kupanga stakabadhi, labda akidhani nataka kumtangulia kwenye foleni.

Kulirekebisha kulinichukua dakika ishirini, aibu yangu ikiwemo. Niliziondoa id zote kwenye mistari. Namba ya kila mwanachama nikaiweka kwenye mstari wake mwenyewe, katika sifa ya data, na badala ya kila kitufe kuwa na amri yake nikaweka msikilizaji mmoja kwenye jedwali zima: kitufe kikibofywa, anapanda kutoka hapo hadi kwenye mstari kilipo, anasoma namba ya mstari huo na si wa mwingine. Kuzifuta zile faini za shilingi 205,000 kulihitaji barua, saini tatu, muhtasari wa kikao na majuma saba. Katika majuma hayo hakuna aliyemwambia mzee samahani isipokuwa mimi, naye, kama nilivyosema, hakuniamini.

Faini zikafutwa. Akaja tena dirishani na fomu ya mkopo, nami nipo tena kwenye benchi. Karani akaandika, akabofya, akatazama kioo, akabofya tena.

"Mzee wangu, mfumo unasema hupo."

"Sipo wapi?"

"Kwenye mfumo. Hakuna mwanachama kama huyo."

Nikaruka kutoka kwenye benchi, nikazunguka nyuma ya meza. Miezi mitatu mzee alikuwa wanachama wote kwa pamoja. Leo amekuwa si mtu. Nikafungua programu, nikayasoma marekebisho yangu kuanzia juu, na mstari wa nne nikakuta kiapo changu kimekaa pale kwa fahari: namba iliyosomwa kwenye jedwali, nimeibadilisha kwanza kuwa namba, maswali baadaye.

Mzee aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kadi yake ya uanachama, ya karatasi ngumu, kingo zimelika, imeandikwa kwa wino wa bluu na karani wa zamani. 0047. Akaiweka juu ya meza karibu na kioo kilichosomeka 47, akavaa miwani, akatazama huku, akatazama kule. Kisha akaweka kidole kwenye ile tarakimu ya kwanza.

"Mwanangu," akaniuliza, "hii sifuri yangu umeipeleka wapi?"