Gari Limeng'aa, Ulezi Umeanikwa

Binamu yangu anayeishi Pennsylvania, Marekani, anaamini kwamba dunia nzima ina majira ya baridi. Ndiyo maana safari hii, badala ya viatu, alinitumia kopo la nta ya gari na agizo lililopigiwa mstari: paka kabla baridi haijaingia. Kwake agizo hilo lina mantiki. Huko theluji ikidondoka, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurukia magari ikaanza kula bati polepole. Mwenye akili huosha gari mapema, huling'arisha, hulipaka nta, kisha humwachia Mungu.

Sasa huku Musoma baridi itaingilia wapi? Mji wetu uko nyuzi moja na nusu tu kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Septemba jua la saa sita husimama wima utosini, na kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake. Baridi yetu ni upepo wa ziwani wa Julai, ule unaomfanya mtu atoe sweta kabatini alfajiri na kulirudisha saa tatu. Lakini kopo lilikuwa limeshavuka bahari, na zawadi haikataliwi. Nikaona kwetu adui si theluji, ni jua la kiangazi linalobabua rangi za boneti na mapaa, na baada yake mvua za vuli zinazokuta gari limebeba vumbi la miezi mitatu na kulikoroga tope hapohapo juu ya bati. Nta itapakwa kabla ya vuli. Binamu hahitaji kujua tofauti.

Nilimpelekea kazi fundi rangi mmoja wa Nyasho, mzee mwenye vidole vya rangi saba. Kabla hajagusa gari alinipa somo. Rangi ya gari, alisema, ina ngazi: chini kuna praima, katikati rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ule utando usio na rangi ambao ndio unaong'aa. Ngazi zote hizo kwa pamoja unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita, na klia haifiki hata nusu yake.

"Sikiliza, mwalimu," akaniambia. "Watu wanachanganya polishi na nta. Polishi ina chembechembe zinazokwangua. Mkwaruzo hauzibwi, unasawazishwa kwa kuila klia iliyouzunguka. Nta haili kitu, inafunika tu. Kwa hiyo polishi ni kula mtaji. Ukipiga polishi kila mwezi, kuna siku utafilisika, ubaki unang'arisha praima."

Alipomaliza, Carina yangu ya bluu, ambayo majirani walikwisha kuizoea ikiwa ya kijivu, iliwaka. Nilipoegesha Mtaa wa Mukendo kununua dawa ya mbu, nilirudi nikamkuta binti mmoja akipaka rangi ya mdomo kwa kujitazama kwenye mlango wa dereva. Nikamsubiri amalize. Ningefanyaje?

Katika mji wetu gari linalong'aa halina mwenyewe. Jua lilikuwa halijazama simu ikaita.

"Shemeji, hujambo? Nasikia umenunua gari jipya."

"Sijanunua, shemeji. Nimelipaka nta."

"Basi ni lilelile la Mungu. Unajua Jumamosi kijana wetu wa Bunda anaoa Butiama. Kamati imekaa, imeona bibi harusi abebwe na wewe."

Kamati ikishakaa haisimami. Nikakubali.

Usiku wa kuamkia safari mwezi ulikuwa ndio kwanza unaandama, na anayeishi kando ya Ziwa Victoria anajua maana yake. Visubi wa ziwani hukulia kwenye tope la chini ya maji, na wengi wao hungojea mwezi mwandamo ndipo wapae kwa pamoja. Kwa mbali utadhani ziwa linaungua, moshi mweusi umesimama juu ya maji. Kisha upepo unaleta moshi huo nyumbani kwako, nao unafuata taa. Jirani yangu wa Makoko alikuwa ameacha taa yake ya ulinzi inawaka usiku kucha, hatua chache kutoka lilipolala gari. Asubuhi sikuliona gari. Niliona umbo la gari limefumwa kwa visubi. Kandokando ya Ziwa Nyasa wapo wanaowakamata wadudu wa jamaa hii na kuwakanda mikate. Mimi nilikuwa nimewaandalia sahani tu, tena iliyosafishwa vizuri.

Visubi waliokufa hawana madhara makubwa kama utawalowesha kwa maji mengi wakalainika, kisha ukawatiririsha. Madhara yanakuja wakifutwa wakiwa wakavu, kwa sababu wamechanganyika na mchanga uliopeperushwa. Mpwa wangu, mtoto mwenye heshima zake, alikuwa ameamka kabla yangu.

"Shikamoo, mjomba. Nimeshakufutia upande mmoja."

"Marahaba. Umefutia nini?"

Akanionyesha suruali yake ya zamani ya jinzi, yenye zipu.

Upande wa pili tuliuokoa kwa ndoo. Kijana mmoja mwosha magari alishauri tuliingize ziwani pale Mwigobero, magurudumu yakae majini, kazi iishe kwa dakika kumi. Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Akaniangalia kwa huruma, kama anayemwona mgonjwa. "Mita sitini ni mbali, mwalimu. Hose yangu haifiki."

Bunda tulifika mapema. Kamati ya mapambo ilikuwa imejipanga na riboni nyeupe, maua ya plastiki na selotepu za kutosha kufungia nyumba. Wakabandika, riboni ikateleza. Wakabandika tena, ua likaanguka. Nta ya binamu ilikuwa inafanya kazi yake: hakuna kilichokubali kushika. Mwenyekiti wa mapambo, dada mmoja mkakamavu, akapitisha kidole kwenye boneti.

"Shemeji, gari lako limefanywaje? Lina mafuta?"

"Ni nta, dada. Inalinda rangi."

"Inalinda rangi, inatuharibia harusi," akajibu, akageukia vijana. "Leteni sabuni ya unga na dodoki."

Nilifungua mdomo nikaufunga. Shemeji alikuwa ameshanishika mkono, akinipeleka kwenye supu ya samaki kwa namna ambayo mtu hawezi kukataa bila kuonekana ana roho mbaya. Sabuni ya unga ni kali. Imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, na nta kwake ni mafuta tu kama mengine. Niliporudi, boneti, milango na buti vilikuwa vimesuguliwa kwa duara, duara juu ya duara, na riboni zimeshika barabara. Gari lilipendeza, siwezi kusema uongo. Dereva wa mchomoko mmoja, Probox yenye abiria hadi kwenye buti na tope la tangu masika, alisimama kando yangu akalitazama, kisha akaitazama yake. "Bosi," akasema, "mimi yangu naosha ikinyesha." Sijawahi kusikia sera ya matengenezo iliyo fupi na ya gharama nafuu kuliko hiyo.

Msafara ukaondoka kwa honi, ukapita Kiabakari, ukaingia Butiama. Wageni wengi huja huku kuona Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999, na makumbusho yake. Rolls-Royce aliyoitumia alipokuwa Rais haiko huku; iko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, chini ya paa, na hakuna kamati ya mapambo inayoifikia. Nililikumbuka gari hilo kwa wivu.

Nyumbani kwa bibi harusi tulikuta jambo. Wazee wa upande wake walikuwa wamehesabu mahari upya usiku, wakagundua kwamba mtamba mmoja hajafika. Bibi harusi hatoki mpaka mtamba aonekane, au ionekane thamani yake. Wazee wetu wakaitwa ndani, simu zikaanza kupigwa, na madereva tukaambiwa tupumzike kivulini. Magari yalibaki juani.

Niliporudi kulitazama langu, nilimkuta mama mmoja wa makamo amelisimamia, anatandaza kitu kwa viganja viwili, taratibu, kutoka kwenye kioo kwenda kwenye taa. Boneti yote ilikuwa nyekundu. Ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Gari hili ni lako? Lina joto zuri sana. Kule kwenye mwamba kuku wananimalizia, hapa juu hawafiki."

Hajafunga mdomo, jogoo akafika. Alitua kwenye bampa, akapiga kucha kwenye boneti kujipandisha, akateleza, akapiga tena. Mama akamfukuza kwa khanga. Jogoo akakimbilia kwenye paa, akaona halishikiki hata kidogo, akashuka kwa upande wa nyuma akikwaruza kioo. Mama akauchota ulezi kwa ukingo wa kiganja, akaurudisha katikati, akauchambua mchanga na kuusukumia pembeni, yaani kwenye rangi. Nilisimama nikitazama mtaji ukiliwa. Ungemwambia nini mama wa watu, siku ya harusi, katika boma ambalo bado linatudai mtamba?

Jioni deni lilimalizwa kwa fedha, vigelegele vikapigwa, bibi harusi akaingia garini. Tulipokaribia barabara kuu mvua ikashuka. Ilikuwa mvua ya kwanza ya vuli, ile yenye harufu ya udongo na matone makubwa. Tulipofika Bunda na maharusi wakashuka, nilizunguka gari kwa tochi ya simu. Kwenye boneti maji yalikuwa yametandaa bapa, yamebeba tope, yamekwama kwenye ile mistari ya duara. Milango hali ileile. Nikainua tochi kwenye paa. Huko maji yalikuwa yamejikusanya matone mviringo, yanabingirika yakidondoka yenyewe na kuondoka na vumbi lao. Ni kwa sababu hakuna aliyelifikia: mpwa ni mfupi, kamati haikupamba paa, na jogoo alishindwa kusimama.

Kwa hiyo nta ya binamu si ya uongo. Kwa jua letu, vumbi letu na visubi wetu inafaa kama inavyofaa kwenye theluji yao. Kinachoishinda ni jamii.

Ndugu msomaji unayetaka kulinda rangi kabla ya vuli, fuata haya. Osha gari kivulini, boneti ikiwa imepoa, kwa maji mengi na sabuni ya magari. Ya unga iachie nguo. Polishi piga mara moja moja tu, pale penye mikwaruzo. Nta paka kiasi, futa kwa kitambaa laini, na ukitaka kujua kama bado ipo, mwagia maji: yakikusanyika matone ipo, yakitandaa imekwisha. Mavi ya ndege na visubi waliokufa viloweshe na uvioshe siku hiyohiyo, visikaukie juani. Zima taa ya nje mwezi unapoandama, na mwombe jirani naye azime. Na ukishamaliza yote hayo, kabla hujatoka getini, lipake gari vumbi kidogo hadi Jumamosi ipite.