Kosa Liko Jaladani

Tangu jana jioni mama mkwe hapokei simu zangu, na mke wangu ananimiminia chai bila kunitazama. Chanzo ni kitabu. Alilalamika kwamba usingizi unampaa, nami kwa moyo mweupe nikampelekea Mke Mmoja Waume Watatu, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla ya mwaka 1975.

Mama mkwe ameolewa mara tatu. Kwa kufuatana, mahari zimetolewa, eda zimekaliwa, hakuna la kusema. Basi akasoma jalada, hakufunua hata ukurasa, akaita mashemeji.

"Mkwe wangu," akasema mbele ya ukumbi mzima, "ukiwa na neno, liseme. Usinipigie mafumbo."

Nikajitetea kwamba humo mna Bwana Msa, mpelelezi.

"Haya, tueleze. Ilikuwaje?"

Hapo nikakwama. Anayesifu riwaya ya upelelezi haruhusiwi kusema kinachoifanya isifiwe. Akieleza utamu, keshaumaliza. Na utamu wenyewe umefumwa kwa hila. Bwana Msa yupo na kiko chake, swahiba wake Najum yu pembeni, na msomaji kakaa upande wa Najum: tunaona yote anayoyaona Bwana Msa, ila hatuoni anavyoyapanga kichwani. Ushahidi haufichwi. Unamwagwa hadharani, katikati ya porojo na maamkizi, pale jicho lilipolegea. Agatha Christie alifanya hivyo hivyo mwaka 1926 katika The Murder of Roger Ackroyd, tena kwa ujasiri ambao… mnaona? Neno moja zaidi, nimeshamharibia mtu kitabu. Shahidi wangu pekee alikuwa kisa chenyewe, na hakikutakiwa kusema. Nikanyamaza. Mashemeji wakaridhika kwamba nimekiri.

Wasifu hauna siri ya kulinda, kwa hiyo nilidhani una salama. Nilimsifia mwenzangu wa kazini Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Akaniuliza asome ya nini, na nyimbo zimo kwenye simu. Jirani nilimpa maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe. Alirudi kuuliza bei ya pembe za ndovu.

Kisha kuna Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, cha Shaaban Robert huyo huyo. Aliyekiazima namjua na mlango wake naujua. Nikimdai, ananishangaa: "Si ulishakisoma?" Hapo sicheki. Mtu akiazima sufuria huirudisha, ingawa wali ulishaliwa. Kitabu kikishasomwa kinahesabiwa mali isiyo na mwenyewe. Na ni hao hao wanaolalamika barazani kwamba Waswahili hatusomi. Tunasoma sana, ila vya wenzetu, na mwandishi hapati hata senti. Mapendekezo nitaendelea kuyatoa, bure, kwa yeyote atakayeuliza. Kitabu akanunue.