Kiingereza Kilivyoingia Bandani

Sheria ilitangazwa Jumapili usiku, vyombo vikiwa bado mezani. Binti yetu mkubwa alikuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba wiki ile, na baba yake alisema kuanzia asubuhi Kiswahili kitaishia kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Ndani ni Kiingereza tu. Atakayeteleza atatumbukiza shilingi mia mbili kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo lenyewe alikwisha kulitoboa kifuniko. Masharti aliyaandika kwa kalamu ya wino mzito, akayabandika juu ya swichi ya taa ya sebuleni.

Naomba msomaji asimwone mume wangu kuwa mtu wa majivuno. Ni mtunza ghala, na kazi yake anaijua. Atakutajia mzigo uliingia lini, uko safu ya ngapi na umebaki kiasi gani bila kufungua daftari. Miezi michache kabla ya Jumapili ile aliitwa kwenye usaili wa kupanda cheo, akaulizwa kwa Kiingereza mambo anayoyafanya kila siku, maneno yakamwishia. Cheo alipewa kijana ambaye mpaka leo humpigia simu kuuliza namna ya kufunga hesabu za mwisho wa mwezi. Siku hiyo aliporudi alikaa kwenye ngazi za nyuma, hajavua hata viatu, mpaka giza likaingia. Sheria ya sebuleni ilizaliwa pale.

Tena hatari aliyoiona mbele ya mtoto ni ya kweli. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, utaratibu ulioshika baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, na Kiingereza humo ni somo mojawapo. Kisha inafika Januari, mtoto anavaa sare ya sekondari na kukuta baiolojia, jiografia na hesabu vyote vimegeuka Kiingereza. Ndiyo maana kila Septemba, mtihani ukiisha, huku kwetu Picha ya Ndege na mitaa mingine ya Kibaha wazazi huanza kuulizana ni nani anafundisha pre-fom wani na anatoza kiasi gani. Binti yetu alikwenda tuisheni asubuhi, na jioni akarudi kwenye sheria ya baba yake.

Nyumbani tulikuwa sita: mume wangu na mimi, mama mkwe wangu ambaye watoto wanamwita Bibi, binti mkubwa, mdogo wake wa darasa la nne, na binti wa shangazi yao kutoka Maneromango, Kisarawe, aliyekuja kunisaidia kazi za nyumba na kuku. Huyu wa Maneromango aliishia darasa la saba. Ni mtu wa hadithi na vicheko, na alikuwa akinipigia simulizi za kijijini kwao huku tukichambua mchicha. Tangu sheria ianze alifunga mdomo. Nikimuuliza jambo anatikisa kichwa. Mjomba wake akiingia, anatoka kwa mlango wa jikoni.

Watoto nao walipita mbele ya Bibi bila shikamoo, wakiogopa kopo. Bibi aliwatazama mara ya kwanza, akawatazama mara ya pili, kisha akachukua mkeka wake akahamia barazani, nje ya kizingiti, mahali ambapo sheria haikufika. Jioni ya pili binti alimfuata na madaftari yake. Ya tatu akaja mdogo wake, kisha binti wa Maneromango na sufuria la mihogo ya kumenya. Mwishowe mimi pia nilihamisha ubao wa kukatia vitunguu. Maisha yote ya nyumba yakawa kibarazani, na mume wangu akabaki peke yake kwenye kochi na taarifa ya habari. Niliumia kumwona vile. Alikuwa ametaka kuwavuta watoto karibu na lugha, na sasa hakuna aliyemkaribia hata yeye.

Usiku wa maji ulikuja hapo katikati.

Tulikuwa tumeleta boksi la vifaranga mia moja wa broila, wana siku chache tu. Kifaranga wa umri huo hana manyoya ya kumkinga, joto lake ni jiko la mkaa na maranda makavu chini ya miguu. Banda la kuwalelea liko nyuma ya nyumba, hatua chache chini ya simtanki. Maji ya bomba kwetu huja usiku, na boya la tanki lilikuwa bovu, kwa hiyo lazima mtu awe macho afunge koki likijaa. Usiku ule zamu ilikuwa ya mdogo. Akaona tanki limejaa, maji yanamwagika na kushuka kuelekea bandani, na koki imekaza kuliko nguvu za mikono yake. Akakimbilia ndani kwa baba yake.

“Daddy,” akasema, “water...”

“Yes?” baba akajibu, akageuka kochini kwa furaha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtoto huyo kumwendea mwenyewe na Kiingereza.

“Water is... water is the...”

“Usiogope,” ndivyo baba alivyomaanisha, ila naye aliisema kwa Kiingereza, polepole, akimwelekeza aanze upya na amalize sentensi. Mtoto akaanza upya. Hakujua kusema kujaa, hakujua kusema kumwagika, hakujua koki. Akaonyesha dirishani kwa kidole, baba akadhani ni ishara za kusindikiza maneno, akamtia moyo aendelee. Machozi yakaanza kumlengalenga.

Nilikuwa chumbani, sikuyasikia hayo. Nilichosikia ni sauti kutoka barazani, kali, ya mtu aliyezoea kusikilizwa: “The tank! Close the tap, quickly!”

Ilikuwa ya Bibi. Mume wangu ana miaka zaidi ya arobaini, na hakuwahi hata siku moja kumsikia mama yake akisema Kiingereza. Alisimama, akamwangalia mama, akamwangalia mwanawe, ndipo akakimbia.

Maranda yalikuwa yamegeuka uji na jiko limezimika. Tuliwabeba vifaranga kwa makarai na kanga mpaka jikoni, tukawasha majiko mawili, tukawapangusa mmoja mmoja. Binti wa Maneromango ndiye aliyetuongoza, akitoa amri kwa Kiswahili kilichonyooka: huyu hapa, yule kule, huyo ameshakwenda. Kulipokucha tulihesabu thelathini na saba waliokufa. Mdogo alikuwa amelala sakafuni kando ya boksi. Baba yake alimfunika, akaenda sebuleni akaibandua karatasi yake. Fedha za kopo zilinunua maranda mapya.

Chai ya asubuhi ile tuliinywa barazani sote, na mume wangu akauliza, “Mama, Kiingereza umekipata wapi?”

“Hapo Tumbi,” Bibi akasema. “Hukuniuliza.”

Watu wa Kibaha wanajua habari za Wanordiki, ingawa vijana wengi hupita kwenye majengo yale bila kuwafikiria. Mradi ulianza 1963, nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zikishirikiana na Tanganyika changa kujenga kwa pamoja shule ya sekondari, kituo cha wakulima na kituo cha afya ambacho ndicho kilikuja kuwa Hospitali ya Tumbi. Januari 1970 wakakabidhi kila kitu kwa serikali yetu, na pakaitwa Shirika la Elimu Kibaha. Bibi aliingia pale akiwa msichana, mhudumu wa wodi.

Kuna jambo sikuwa nimelifikiria mpaka aliposema. Wale wageni hawakuwa Waingereza. Kiingereza nacho kwao kilikuwa lugha ya kujifunza. Bibi alifanya kazi na muuguzi kutoka Finland aliyetembea na kamusi ndogo mfukoni. Bibi akikwama, na muuguzi naye amekwama, walisimama pembeni ya kitanda wakionyeshana kitu chenyewe: bandeji, beseni, kipimajoto. Mgonjwa akieleza kwa Kiswahili au Kizaramo, Bibi alisikiliza yote kwanza, akaelewa, ndipo akatafuta njia ya kumfikishia mwenzake. Hakuna aliyemzuia kufikiri kwa lugha yake.

“Mimi sikufundishwa Kiingereza, mwanangu,” alisema. “Nilifanya kazi, nacho kilikuwapo. Na nikikosea alinielewa hivyo hivyo, kwa sababu mgonjwa alikuwa mbele yetu sote wawili.”

Nimelitafakari sana neno hilo, maana nchi nzima imekuwa ikihangaika na swali la sebule yetu. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zihamie Kiswahili, na serikali ikaamua kubaki na Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima wanafunzi wakakuta kwamba wengi mno Kiingereza chao hakitoshi kusomea somo jingine lolote, na hata hivyo wakashauri kibaki. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi kwamba kufundisha Kiingereza vizuri ni kazi moja, na kufundisha masomo yote kwa Kiingereza ni kazi nyingine kabisa, nasi wazazi tunazichanganya. Nilipokuwa nikisoma hoja yake nilimwona mwanangu amesimama mbele ya kochi, ana habari kamili kichwani, muhimu kuliko zote za usiku ule, na mlango wa kuitolea umefungwa. Darasani ni wangapi wanasimama vile kila siku? Mwalimu huandika “hajui”, na mtoto anajua.

Kwetu mambo yalibadilika kuanzia bandani. Binti alipewa daftari la kuku, lijazwe kwa Kiingereza: tarehe, umri, chakula cha stata kiasi gani, waliokufa, maoni. Akikosa neno anamuuliza Bibi, wakikosa wote wawili anakwenda maktaba ya Shirika. Siku ya chanjo ya Gumboro ilipofika alikaa na karatasi ya maelezo iliyokuja na kichupa, maandishi madogo yote ya Kiingereza, akaisoma kwa kalamu mkononi, akaja kutuambia kwa Kiswahili kwamba maji yenye klorini huiua chanjo. Tuchukue maji yasiyo na dawa, tuongeze maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kuku wanyimwe maji kwanza ili wanywe yote kwa haraka. Mjadala ukawaka. Baba yake alitaka aonyeshwe imeandikwa wapi. Akaonyeshwa, wakaisoma pamoja sentensi kwa sentensi, wakibishana kwa Kiswahili juu ya maneno ya Kiingereza, na mume wangu akawa anauliza bila aibu maana ya neno analolijua binti yake na yeye halijui. Siku hizi huja na karatasi za ghala, wakazikalia vivyo hivyo.

Januari ilipofika binti alianza fom wani, na daftari likaachwa bila mwenyewe. Binti wa Maneromango akaliomba. Alianza kwa kunakili mistari ya mwenzake akibadili tarehe tu, kisha wiki moja nikakuta kwenye safu ya maoni ameandika yake: “One chick is sick leg.” Bibi alisoma, akaenda kumwangalia kifaranga mwenyewe, akarudi wakaisahihisha pamoja.

Binti anasema darasani wengi wananakili ubaoni kimya. Yeye aliuliza swali la baiolojia, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, na mwalimu akamjibu nusu kwa nusu, wenzake wakainua vichwa.

Sasa mume wangu anataka mdogo ahamishiwe shule ya English medium. Bibi hataki. Anasema kijana amalize kwanza kujua mambo. Mimi nimeitazama ada nikaipima na mapato ya kuku, na moyo wangu uko kwa Bibi, ila siwezi kumwambia mume wangu asahau ule usaili. Shangazi yao anakuja kutoka Maneromango mwisho wa mwezi. Tutalizungumza tena akiwepo, na mdogo mwenyewe amesema safari hii lazima asikilizwe.